Bahasha Isiyofunguliwa: Uchambuzi wa Kisa cha Hati ya Bima ya Ghala la Dagaa, Kirumba

Usiku mmoja wa mwezi wa Aprili, mvua ya masika ilinyesha Mwanza kuanzia saa nne hadi karibu na alfajiri, na maji yaliyoteremka kutoka kwenye vilima vya mawe vya Kirumba yakaujaza mtaro, yakavuka ukingo na kuingia katika ghala la dagaa lililo karibu na soko la Mwaloni. Asubuhi, kijana anayelinda ghala alipofungua mlango, maji yalikuwa yamekwisha kupungua, lakini magunia 96 ya safu ya chini yalikuwa yamelowa. Nyavu na kamba zilizokuwa upande wa pili zilitolewa nje zikaanikwa, zikapona. Dagaa wakavu hawana bahati hiyo: wakishalowa wanaanza kunuka ndani ya siku moja, na mnunuzi anayesafirisha mzigo mbali hawagusi tena.

Mwenye mali, mama mmoja ambaye amefanya biashara hiyo kwa zaidi ya miaka 15, hakupiga kelele sana asubuhi ile, kwa sababu alikuwa na bima. Alikuwa amelipa ada yote, stakabadhi anayo, na hati yenyewe ilikuwamo kwenye droo ya meza yake ndani ya bahasha ya kaki. Siku 11 baadaye alipokea barua ya kampuni ikimweleza kwamba dai lake halitalipwa, kwa sababu tatu. Bahasha ile ilipofunguliwa kwa mara ya kwanza ili kuihakiki barua hiyo, ilionekana kwamba sababu zote tatu zilikuwa zimeandikwa humo ndani tangu Oktoba.

Faili la kisa hiki nililetewa na wakala aliyeuza bima hiyo, kijana mwenye bidii ambaye nilimfundisha kazi miaka michache iliyopita, na ambaye alitaka nimsaidie kuandika barua ya kupinga uamuzi. Yeye na mama wameniruhusu kukieleza mradi nisitaje jina la mtu wala la kampuni. Nimekubali, kwa kuwa kosa lililofanyika halikuwa la kampuni moja wala la wakala mmoja. Nimekaa katika kazi hii muda wa kutosha kujua kwamba nami nimelifanya mara nyingi, isipokuwa wateja wangu hawakupatwa na mvua.

Bima hiyo ilianzia benki. Mwishoni mwa Septemba mama aliomba mkopo wa kuongeza mzigo, na benki ikataka bidhaa zilizomo ghalani zikatiwe bima, jina la benki likiingizwa kama mnufaika wa kwanza, yaani mwenye haki ya kwanza juu ya malipo. Wakala alimkuta mama kwenye duka lake la rejareja, wakajaza fomu ya maombi pamoja, kalamu ikiwa mkononi mwa wakala na maelezo yakitoka mdomoni mwa mama. Thamani iliyotajwa ilikuwa shilingi 120,000,000, kati ya hizo 70,000,000 zikiwa za dagaa na zilizobaki za nyavu, kamba na vifaa vingine vya uvuvi. Katika sehemu ya majanga ya ziada, mama alisisitiza jambo moja. Alikumbuka vizuri mwaka 2020, wakati Ziwa Victoria lilipojaa hadi kupita alama iliyowekwa mwaka 1964 na maji yakapanda kwenye mialo mingi, kwa hiyo alitaka mafuriko yawemo. Wakala akaweka alama ya vema kwenye kisanduku cha mafuriko, akarudi ofisini, akaleta makadirio ya ada ya shilingi 420,000, ambayo pamoja na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ilifikia 495,600. Mama akalipa siku ileile.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, kisa hiki kinapogeuka, ingawa hakuna aliyekuwa amekosea bado. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 inataka ada ilipwe kwanza ndipo kinga ianze, na utaratibu huo ni mzuri, maana unazuia madeni yanayoweza kuyumbisha kampuni. Lakini una athari moja ambayo hatuizungumzi. Ada ikishalipwa, kila kitu kinachomsukuma wakala kupanda daladala kwenda kwa mteja kinakuwa kimekwisha: mauzo yamekamilika, benki imepata barua yake, kamisheni inahesabiwa. Kwa upande wa mteja, siku hiyo ndiyo bima inaanza. Wakala anaondoka pale hasa mteja anapoanza kumhitaji.

Hati ilichapishwa baada ya majuma matatu. Kutoka kwenye fomu hadi kwenye droo ya mama, karatasi zilipita kwa wakala, kwa mhudumu wa mapokezi, kwa karani anayeingiza taarifa kwenye mfumo, kwa afisa anayeidhinisha, kwenye rafu ya mawakala ambako hati ilikaa siku nne, kwa dereva wa bodaboda, na mwisho kwa kijana wa dukani aliyetia saini kwenye daftari na kuiweka bahasha mahali salama. Kila mmoja alifanya kazi yake. Hakuna hata mmoja aliyeziweka fomu na hati mezani pamoja akazisoma zote mbili.

Laiti mtu angezisoma, angeona makosa mawili ndani ya dakika tano. La kwanza, katika ukurasa wa jedwali, unaoorodhesha maelezo ya mteja na mali yake, mahali mali ilipo paliandikwa Nyakato, ambako ni nyumbani kwa mama. Fomu ina nafasi mbili zinazofuatana, moja ya anuani ya mwombaji na nyingine ya mahali mali ilipo, na karani alinakili ya kwanza katika nafasi zote mbili. Kwa hiyo kwa muda wa miezi sita kampuni ilikuwa imekinga magunia ya dagaa yasiyokuwapo katika nyumba ya kuishi, huku ghala la Kirumba likiwa halina kinga yoyote. La pili, orodha ya majanga ya ziada ilikuwa na dhoruba na wizi wa kuvunja, lakini mafuriko hayakuwamo, japokuwa ada iliyotozwa ni ileile ya makadirio yaliyoyahesabu mafuriko.

Makosa haya mawili ni ya kalamu, na sitayazungumzia sana, kwa sababu yana dawa. Tulipopeleka nakala ya fomu yenye alama ya vema, makadirio ya ada na stakabadhi, kampuni ilikubali bila ubishi mkubwa kwamba hati haikuakisi makubaliano, na ikatoa nyongeza, yaani karatasi inayoambatanishwa na hati, ya kuirekebisha kuanzia tarehe ya mwanzo. Ilisaidia pia kwamba wakala wa bima, tofauti na dalali anayemwakilisha mteja, ni mkono wa kampuni, hivyo kampuni isingeweza kumtwika mama kwa urahisi mambo yaliyopotea kati ya fomu iliyojazwa na wakala wake na mfumo wake yenyewe. Wakala alishusha pumzi siku ile. Alidhani dai limepona.

Sababu ya tatu ndiyo iliyobaki, nayo haikuwa kosa la mtu yeyote wa ofisini. Ndani ya hati yenye kurasa 28, katika ukurasa wa 19, kulikuwa na sharti kwamba bidhaa zote za ghalani ziwekwe juu ya paleti, yaani vichanja vya mbao vya kupangia mizigo, au rafu, zikiwa zimeinuliwa sentimita 15 au zaidi kutoka sakafuni, na kwamba kampuni haitalipa hasara ya maji kwa bidhaa zilizowekwa chini ya kimo hicho. Sharti hili si la ajabu wala si la hila. Ni la kawaida katika bima za maghala, na lina mantiki inayoeleweka na mtu yeyote aliyewahi kupanga magunia: mara nyingi maji yanayoingia ghalani hayafiki kimo cha kifundo cha mguu, kwa hiyo kuinua mzigo kidogo tu kunaondoa sehemu kubwa ya hasara. Mkadiria hasara alipima alama ya maji ukutani akakuta sentimita 11. Magunia ya mama yangekuwa kwenye paleti za kimo kilichotakiwa, pengine kusingekuwa na dai kabisa.

Lakini magunia yalikuwa juu ya turubai, na turubai lilikuwa juu ya sakafu ya saruji, kama yanavyopangwa katika maghala mengi ya Kirumba. Mama hakujua sharti hilo lipo, wala asingeweza kulijua kwa kuisoma hati, kwa sababu hati yote ilikuwa kwa Kiingereza, na Kiingereza chenyewe ni kile cha wanasheria, ambacho hata sisi mawakala tunakisoma kwa kurudia. Nilimuuliza siku nilipofika ghalani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanijibu kwa utulivu ulionichoma zaidi ya hasira: «Mwanangu, mbao za paleti zinauzwa pale Nyakato, napita hapo kila siku nikija kazini. Mngeniambia tu.»

Kauli hiyo ya mama ndiyo iliyonifanya nione kwamba kisa hiki ni cha uwasilishaji wa hati zaidi kuliko uchapishaji wake. Makosa ya karani yangeweza kugunduliwa ofisini na mtu makini. Suala la paleti lisingegunduliwa ofisini hata na mtu makini kuliko wote, kwa kuwa kwenye karatasi hapakuwa na kosa lolote. Hati ilisema sentimita 15, na ilikusudia kusema hivyo. Tatizo lilikuwa ni kwamba karatasi ilisema hivi na ghala lilikuwa vile, na umbali huo ungeweza kuonwa tu na mtu aliyesimama ghalani akiwa ameishika hati mkononi.

Tuirudie siku ile ya Oktoba na kujaalia kwamba bodaboda haikutumwa. Wakala anaichukua hati kwenye rafu, anaiweka kando ya nakala ya fomu, anapitisha kidole mstari kwa mstari, na hata asipoliona kosa la Nyakato kwa sababu ya haraka, anashuka kwenye daladala Kirumba na kusimama mbele ya mlango wa ghala akisoma karatasi inayosema mali iko Nyakato. Hapo hahitaji umakini, miguu yake inamwambia. Anaingia ndani, wanasalimiana na mama, wanaketi juu ya magunia kwa kuwa hakuna viti, na anaanza kumweleza kwa Kiswahili yaliyoandikwa kwa Kiingereza. Akifika kwenye majanga, mama mwenyewe anauliza mafuriko yako wapi, maana ndilo jambo aliloliomba. Akifika kwenye sharti la sentimita 15, wote wawili wanatazama chini, kwenye turubai.

Katika mazungumzo hayohayo lingejitokeza jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote kwa watu wa mwambao wa ziwa, ingawa katika kisa hiki halikuathiri matokeo. Mama aliposema mafuriko, akilini mwake lilikuwa ziwa la mwaka 2020, maji yanayopanda taratibu, juma baada ya juma, hadi yanaingia ndani kupitia sakafuni. Vifungu vya mafuriko katika hati nyingi za aina hii vinalenga maji yanayovuka kingo na kuingia kwenye jengo, na vimeondoa hasara inayotokana tu na kupanda kwa kina cha maji yaliyo ardhini. Kwa hiyo hata baada ya marekebisho, mama alikingwa dhidi ya mtaro wa Kirumba kwa uhakika kuliko alivyokingwa dhidi ya ziwa lenyewe, na hakuna aliyekuwa amemwambia. Fomu ya maombi haina nafasi ya kueleza tofauti hiyo. Ina kisanduku kimoja, na neno moja ambalo pande mbili zililisoma kwa maana mbili.

Nimesikia hoja ya mawakala vijana kwamba siku hizi mambo haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa hati inatumwa kwa WhatsApp dakika ileile inapoidhinishwa, na mteja anaweza kuihakiki kwenye mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, kwa kuingiza namba tu. Ninaukubali mfumo huo na ninauhimiza, kwa maana umewaumbua wauzaji wa stika bandia waliowatesa wenye magari kwa miaka mingi. Lakini kinachothibitishwa na mfumo ni kwamba hati ni halali na imetolewa na kampuni iliyosajiliwa. Hati ya mama ilikuwa halali kabisa. Ingehakikiwa mara kumi ingejibu mara kumi kwamba ni sahihi, na mali ingeendelea kuwa Nyakato.

Hoja ya muda ina uzito zaidi, na sitaki kuipuuza. Wakala wa kisa hiki anahudumia wateja wengi, wengi wao wakiwa waendesha bodaboda na wenye magari wanaokata bima ndogo ya lazima, na kamisheni yake kwa bima hii ya ghala haikufika laki moja. Kumwambia apeleke kila hati kwa mkono wake ni kumwambia afunge ofisi. Mimi mwenyewe sipeleki bima ndogo ya pikipiki. Hati yake haina sharti la kuelezwa ghalani, na mteja anachohitaji kitakuwa kwenye simu yake. Ninachotofautisha ni hati yenye mali inayokaa mahali fulani na masharti ya jinsi ya kuitunza. Hiyo ni sehemu ndogo ya hati zinazopita mezani kwa wakala, na kutoka mjini hadi Kirumba ni mwendo mfupi wa daladala. Wakala wetu alitumia siku tisa, nilizihesabu, kushughulikia dai ambalo lingezuiwa na asubuhi moja.

Wapo wazee wa biashara hapa mjini wanaokumbuka enzi za Shirika la Bima la Taifa, lililokuwa peke yake sokoni tangu utaifishaji wa mwaka 1967 hadi sheria ya mwaka 1996 ilipofungua milango kwa kampuni binafsi, na wanasema mteja ndiye aliyekwenda kaunta kuchukua hati yake. Ni kweli. Ushindani ulileta mawakala hadi mlangoni kwa mteja, lakini uliwaleta kuuza. Kurudi na hati kulibaki kama ilivyokuwa, kazi ya mtu mwingine.

Niseme pia kuhusu upande wa mama, maana barua ya kampuni ilimkumbusha, kwa haki, kwamba ukurasa wa kwanza wa hati unamtaka mteja aisome na kuirudisha ikiwa ina kosa. Mama aliikalia bahasha kwa miezi sita. Hata hivyo, kijana wake alimwambia «karatasi za bima zimeletwa», naye akaelewa kwamba ameletewa risiti ya kitu alichokwisha kulipia. Namna hati inavyofika inamfundisha mteja jinsi ya kuichukulia. Kinacholetwa na bodaboda na kusainiwa na kijana wa dukani, pamoja na bili ya maji, kitawekwa kwenye droo pamoja na bili ya maji.

Dai lilimalizika hivi. Magunia 96 yalithaminiwa kwa bei ya ununuzi ya shilingi 120,000 kila moja, jumla 11,520,000. Kwa bahati, dagaa waliokuwamo usiku ule hawakuzidi thamani iliyokatiwa bima, la sivyo malipo yangepunguzwa kwa uwiano wa thamani iliyokatiwa bima na thamani halisi. Sehemu ya hasara anayobeba mteja mwenyewe, ambayo mawakala tumezoea kuiita eksesi, ilikuwa asilimia 10, yaani 1,152,000, na ikabaki 10,368,000. Kuhusu sharti la paleti, kampuni ilishikilia kwamba lilivunjwa, sisi tukashikilia kwamba mama hakuwahi kuelezwa, na hapakuwa na karatasi yoyote yenye saini yake inayoonyesha vinginevyo. Hatimaye kampuni ilijitolea kulipa nusu, shilingi 5,184,000, bila kukubali wajibu. Nilimweleza mama kwamba anaweza kuikataa na kulipeleka shauri kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye ofisi yake imewekwa na sheria ile ile ya 2009, na kwamba niliona ana hoja. Alifikiri kwa siku mbili. Rejesho la benki lilikuwa linakaribia, na magunia mapya yalihitaji fedha taslimu. Alichukua nusu.

Nilidhani angehamisha bima yake kwa wakala mwingine, na asingelaumiwa. Hakuhama. Oktoba iliyofuata, yule wakala kijana alinipigia simu akaniomba niende naye Kirumba, nadhani kwa aibu zaidi kuliko kwa kuhitaji msaada. Alikuwa na hati mpya, amekwisha kuisoma kando ya fomu, na pembeni mwa ukurasa wa 19 alikuwa ameandika tafsiri ya sharti lile kwa mkono wake. Magunia yalikuwa juu ya paleti. Mama alisikiliza yote, akauliza maswali mawili kuhusu ziwa, akajibiwa ukweli, kisha akamwita mtu alete futi kamba. Paleti za ukuta wa kushoto zilikuwa na kimo cha sentimita 15 na nusu. Za kulia, zilizotengenezwa na fundi mwingine, zilikuwa na 12.

Wakala hakumwomba atie saini. Alikunja hati, akasema ataileta Jumatatu, na alasiri ile ile fundi wa Nyakato alikuja kupigilia vipande vya mbao chini ya paleti za upande wa kulia.